Ng'ombe Hanenepi Siku ya Mnada



Wafugaji wana msemo wao usemao kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Maana yake twaijua sote: jambo jema huandaliwa mapema. Mwezi huu tunataka kuurudisha msemo huo nyuma kidogo kuliko tulivyozoea. Afya ya ng'ombe haianzi siku anapoachishwa kunyonya, wala siku anapozaliwa. Huanza angali tumboni mwa mama yake. Na lililo kweli kwa ng'ombe, kwa sehemu kubwa ni kweli kwetu sisi binadamu. Ndiyo sababu habari ya ng'ombe imeingia katika ukurasa wa afya.

SWALI LA MKUYUNI

Tulikuwa Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Matombo na Kisaki. Ni nchi ya ndizi, machungwa, mananasi na mafenesi. Wafugaji wa ng'ombe huko si wengi kama kule mbuga za Mkata, lakini zipo kaya zenye ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa bandani, na mbuzi wachache. Baba mmoja alitupeleka bandani kwake akatuuliza hivi:

"Huyu ng'ombe amezaa mara mbili, na dume ni lile lile. Ndama wa kwanza alisimama mara moja, akanyonya, akakua vizuri. Wa pili alizaliwa mnyonge. Siku ya nne akaanza kuharisha, na wiki mbili hazikupita akafa. Banda ni lile lile na mimi ni yule yule. Kosa liko wapi?"

Tulimwuliza ng'ombe alikuwa akila nini katika kila mimba. Akajibu bila kuficha. Mara ya kwanza alikuwa mtamba, amenunuliwa kwa fedha ya ndizi za misimu miwili, na kila siku alikatiwa majani mabichi na kuongezewa pumba. Mimba ya pili iliangukia kiangazi. Tena alipoacha kutoa maziwa, pumba zilikatwa. "Alikuwa hatoi kitu," alisema, "nikaona nitamlisha akizaa. Akawa anakula mabua."

Mkewe alikuwa kando yetu akichambua maharage, naye ni mjamzito wa miezi saba. Alisikiliza yote bila kusema neno. Tutarudi kwake baadaye.

Hatuwezi kuapa kwamba ndama yule alikufa kwa sababu hiyo peke yake, maana kuhara kwa ndama kuna vyanzo vingi: uchafu wa banda, baridi, kuchelewa kunyonya. Lakini jibu la baba yule linagusa jambo ambalo wataalamu wa mifugo na wa afya ya binadamu wanalichunguza sana siku hizi.

JUMUIYA NDOGO NDOGO ZA TUMBONI

Tumezoea kuogopa vijidudu, na ni haki kuviogopa vile viletavyo kipindupindu na kuhara damu. Lakini si vyote ni adui. Katika matumbo ya kila mnyama, na yetu sisi pia, kumejaa vijidudu vingi mno ambavyo huishi humo daima na kutufanyia kazi. Kwa kweli hizo ndizo jumuiya ndogo ndogo kuliko zote!

Kwa ng'ombe kazi hiyo ni kubwa zaidi. Tumbo lake lina sehemu nne, na ile kubwa, ambayo kwa ng'ombe wa aina kubwa hubeba lita 100 na zaidi, ni kama pipa la kuchachushia. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kusaga nyuzi ngumu za majani. Hula, hucheua, na vijidudu ndivyo vinavyoyavunja majani yale na kuyageuza kuwa chakula. Yapata asilimia 70 ya nguvu yote aliyo nayo ng'ombe hutokana na kazi hiyo. Kijiko kimoja cha maji ya tumbo hilo kina vijidudu mabilioni mengi. Hivyo mfugaji akimkatia ng'ombe majani, kwanza anawalisha wafanyakazi hawa, nao ndio wanaomlisha ng'ombe.

Kwa binadamu vijidudu hivi hukaa hasa katika utumbo mpana. Husaidia kusaga mabaki ya chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini, hufundisha kinga ya mwili kumtambua rafiki na adui, na huziba nafasi ili vijidudu vibaya visipate pa kukaa. Shamba lililojaa maharage halipati magugu upesi.

NDAMA ANAVIPATA WAPI?

Ndama huvipata kwa wingi wakati wa kuzaliwa na baada ya hapo: katika njia ya uzazi, katika ulimi wa mama anapomlamba, katika chuchu, maziwa, majani na hata udongo wa bandani. Siku zake za kwanza tumbo lile kubwa bado dogo sana, naye huishi kwa maziwa. Kadiri anavyoanza kutafuna majani, tumbo hilo hupanuka na kujaa vijidudu, na kwa kawaida afikapo miezi mitatu hivi huwa anacheua kama wakubwa.

Je, vijidudu vinaanza kuingia kabla ya kuzaliwa? Hapa wataalamu bado wanabishana. Katika Chuo Kikuu cha North Dakota State, huko Marekani, wamo watafiti wanaowapa ng'ombe wa nyama vitamini na madini tangu mwanzo wa mimba, kisha wanachunguza vijidudu vya mama na vya ndama. Wao wanasema wameona alama za vijidudu hata kwa ndama ambaye hajazaliwa. Wengine wanasema alama hizo ni chache mno, na huenda zimeingia kwa bahati mbaya wakati wa kupima. Ubishi huo tuwaachie wao. Sisi tushike lile wanalokubaliana: mama aliyelishwa vizuri humwandalia mtoto wake mahali pazuri pa kuwapokea wageni hao.

CHAKULA CHA MAMA KINAINGIAJE HAPA?

Mimba ya ng'ombe huchukua miezi tisa na siku kadhaa, karibu sawa na ya mwanamke. Katika miezi mitatu ya kwanza viungo hujengwa: moyo, matumbo, na lile kondo ambalo kwalo chakula kitapita. Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto huongezeka uzito haraka. Karibu robo tatu ya uzito wa ndama hupatikana kipindi hicho. Nyuzi za nyama pia huwekwa idadi yake kabla ya kuzaliwa. Baada ya hapo huweza kunenepa, lakini haziongezeki. Basi mwenye kufuga ng'ombe wa nyama ajue kwamba sehemu ya kilo atakazouza mnadani ilishapangwa kabla hajamwona ndama.

Sasa tazameni kalenda yetu. Ng'ombe wa mbugani hupandwa zaidi majani yanapokuwa mengi, wakati wa masika. Aliyepandwa mwezi wa 5 hubeba mimba kiangazi chote, na miezi yake mitatu ya mwisho huanza mwezi wa 11, majani yakiwa makavu na mvua za vuli hazina uhakika. Majani makavu yana upungufu wa protini, na yale yaliyokosa rangi ya kijani hayana vitamini A ya kutosha. Ng'ombe hukonda akijaribu kumlisha ndama kwa mwili wake mwenyewe.

Madhara yake humfikia ndama kwa njia tatu. Kwanza, huzaliwa mnyonge, akachelewa kusimama na kunyonya. Pili, ukuta wa utumbo wake na kinga yake havijakomaa vizuri, hivyo vijidudu vibaya hupata mlango. Tatu, maziwa ya kwanza, yaani dang'a, yaweza kuwa machache au hafifu.

Hili la dang'a tulieleze vizuri. Kinga ya ng'ombe haipiti katika kondo kwenda kwa ndama. Ndama huzaliwa bila silaha, na silaha zote zimo katika dang'a. Utumbo wake huziruhusu kuingia katika damu kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo bora. Saa 24 zikipita mlango umefungwa. Pamoja na silaha hizo, dang'a hulisha vile vijidudu vyema na kuvipa nafasi ya kutangulia. Anayetangulia kiti ndiye akaaye.

"NA MIMI JE?"

Tulipofika hapo, yule mama aliyekuwa akichambua maharage aliinua kichwa. Akasema kwa upole: "Baba, ng'ombe akiwa na mimba aongezewe pumba na akatiwe majani mabichi. Na mimi je?"

Wote tulinyamaza. Kumbe mama huyu alikuwa akila mara mbili kwa siku, ugali na mchicha, huku akishuka na kupanda mlima na mikungu ya ndizi kichwani. Mayai ya kuku wake yaliuzwa, kwa kuwa aliambiwa mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa bila nywele. Aliambiwa pia asile sana, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kumzaa.

Mumewe si mtu mbaya. Ni mchapakazi na mcha Mungu. Lakini alikuwa amemhesabu mkewe kama alivyomhesabu ng'ombe mkavu: hana la ziada analohitaji mpaka azae. Ndugu zetu, ni wangapi kati yetu wanahesabu hivyo?

Kweli, mwanamke si ng'ombe, na mambo hayalingani yote. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga yake kupitia kondo, hasa katika wiki za mwisho za ujauzito, na ndiyo maana anayezaliwa kabla ya wakati huwa dhaifu. Lakini katika mengine tunafanana. Mtoto wetu naye hupokea vijidudu vyake vya kwanza kwa mama. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa humo kwa ajili ya vijidudu vyema vya tumboni mwake. Hebu fikirini maajabu hayo: Mungu amempa mama maziwa ya kumlisha mtoto na wafanyakazi wa mtoto kwa pamoja.

MIFANO KUTOKA KWA WENGINE

Kwa jirani zetu wa Malawi watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha tangu walipokuwa wachanga hadi umri wa miaka mitatu. Katika nyumba moja, chungu kimoja, pacha mmoja alipata unyafuzi na mwenzake hakupata. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2013. Walipochukua vijidudu vya tumboni mwa mtoto mgonjwa na kuvipandikiza katika panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wale walikonda sana kuliko wale waliopewa vijidudu vya pacha mzima. Ikaonekana kwamba unyafuzi hautokani na chungu kitupu peke yake; vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yake.

Huko Gambia, katika vijiji vya Keneba na jirani zake, kumbukumbu za vizazi na vifo zimetunzwa tangu mwaka 1949. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba watu waliozaliwa katika msimu wa njaa, mama zao wakiwa wamemaliza ujauzito kwa chakula kidogo na kazi nyingi za shamba, walikufa mapema zaidi kuliko waliozaliwa msimu wa mavuno. Tofauti haikuonekana sana utotoni. Ilionekana baada ya miaka 15, na wengi walikufa kwa magonjwa ya kuambukiza. Nasi tunao msimu kama huo, mwanzoni mwa mwaka, ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, wakati huo huo palizi inatuita.

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Uholanzi ilipatwa na njaa kali ya vita katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945. Waliokuwa tumboni wakati ule walipofikia utu uzima walionekana kupata kisukari zaidi, na wale ambao mama zao walishinda njaa mwanzoni mwa ujauzito walipata pia magonjwa ya moyo zaidi.

Nchini mwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

TUFANYE NINI BANDANI?

1. Ng'ombe wa maziwa aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na mwili ujijenge. Kuacha kukamua si kuacha kulisha. Huu ndio wakati wa kumwongezea.

2. Wakati wa mvua tukate majani na kuyakausha yangali na rangi ya kijani, tuyahifadhi pakavu. Majani tembo na Gwatemala ya kwenye makinga maji, pamoja na majani ya lukina, ni akiba nzuri kwa nchi yetu ya milima. Lukina iwe sehemu ndogo tu ya mlo.

3. Pumba na mashudu viongezwe kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili hivi. Vijidudu vya tumboni huhitaji muda kuzoea chakula kipya. Ukibadilisha ghafla, ng'ombe huvimbiwa. Wala asinenepeshwe kupita kiasi, maana atapata shida kuzaa.

4. Jiwe la chumvi lenye madini na maji safi visikosekane.

5. Ndama anyonye dang'a mara asimamapo, ndani ya saa sita. Mwenye kilo 25 apate kama lita mbili na nusu siku ya kwanza. Kitovu kipakwe ayodini, na banda liwe kavu.

6. Dawa za viuavijasumu zitolewe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Huua vijidudu vibaya na vyema pamoja.

Na onyo moja kwa wote: usiguse kondo wala maji ya uzazi ya ng'ombe au mbuzi kwa mikono mitupu, na mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa. Ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo huambukiza watu pia. Maziwa yachemshwe sawasawa kabla ya kunywewa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mjamzito aongeze angalau mlo mmoja kwa siku. Mayai, maharage, kunde, dagaa, kisamvu, matembele, ndizi na matunda, vyote vyapatikana Mkuyuni. Mayai hayaondoi nywele za mtoto! Na kupunguza chakula hakurahisishi uzazi; huzaa mtoto dhaifu na kumwacha mama bila nguvu ya kusukuma.

2. Ahudhurie kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Atumie kila siku vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vile ambavyo wengi huviita FEFO. Vikimletea kichefuchefu avinywe usiku, asivitupe. Miezi mitatu ya kwanza ikipita atapewa pia dawa ya kukinga malaria na ya minyoo.

3. Chai asinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Anywe saa moja au mbili baadaye. Chungwa au pera pamoja na mlo husaidia.

4. Anayetamani kula udongo amweleze mhudumu wa afya. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo wenyewe huleta minyoo.

5. Asinunue viuavijasumu dukani kwa kubahatisha. Akiandikiwa na mganga, amalize dozi.

6. Mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya manjano si uchafu. Ndiyo dang'a yetu. Kisha maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kwa miezi sita.

7. Mizigo mizito na safari za mlimani zipunguzwe, hasa miezi mitatu ya mwisho. Jambo hili mama hawezi kulifanya peke yake. Lamhusu mume, mama mkwe, wajomba na watoto wakubwa.

Tangu mimba kuingia hadi mtoto kutimiza miaka miwili ni siku 1,000. Si nyingi, lakini hazirudi.

TUMALIZIE

Sisi Waluguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Tukiuheshimu ukoo, basi tuanze na sahani ya mama.

Katika Injili ya Luka twasoma kwamba Bikira Maria aliposikia jamaa yake Elizabeti ana mimba ya miezi sita, alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima, akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Hesabuni wenyewe: ni ile miezi mitatu ya mwisho. Hakungoja siku ya kuzaa ndipo aje na zawadi.

Yule baba wa Mkuyuni alitusindikiza hadi barabarani. Kabla ya kuagana alisema: "Mwaka huu mayai hayatakwenda sokoni." Nasi tunawaombea wote watatu, na ng'ombe wao pia. Kila jumuiya na imtafute mjamzito mmoja jirani yake wiki hii, imwulize: mama, umekula nini leo? Kisha imchukulie mzigo wake.